Uma wa Trekta la Latifu

Picha ya Ndege, Kibaha
14 Januari 2025

Mjomba Mwishehe, shikamoo.

Natumaini wewe na Bi Mwanaamina hamjambo, na kifua chake kimetulia tangu lile vumbi la siku za matanga. Hapa tuko kama mlivyotuacha. Mama mkwe anaswali sana na anakula kidogo. Shemeji Seif amerudi kazini Kwala. Mimi nimo ndani na eda yangu, nasikiliza magari ya watu wanaokwenda wanakokwenda.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu iko kabatini kwa mama mkwe. Anasema sauti ya mwenye eda haizururi. Barua hakuzikataza, nadhani amesahau kwamba bado zipo. Anayekuletea ni Mama Atupele, yule anayenunua mihogo kwenu Mzenga na kuiuza Maili Moja. Akirudi tena, mpe jibu.

Nina mambo mawili. La kwanza: eda yangu haitakwisha kwa miezi minne na siku kumi kama ya wajane wengine. Itakwisha siku nitakayojifungua. Umeelewa. Latifu alijua, ila hakupata muda wa kuzoea. Nesi anasema ni mwezi wa nane, Mungu akipenda.

La pili ni trekta. Mama mkwe anataka liuzwe, hataki hata kulisikia likitajwa. Seif amemwambia mirathi haigawanywi wakati kuna mtoto tumboni. Akizaliwa, sehemu kubwa ya trekta ni yake, na wewe ndiye utakayemsimamia. Kwa hiyo linabaki hapo kwako, chini ya turubai, kwa sababu ya mtu ambaye bado hana hata kucha.

Lakini siwezi kumrithisha mwanangu mashine iliyomuua baba yake ikiwa vilevile ilivyokuwa. Hakuna aliyenisimulia siku ile, Mjomba, nimeipanga mwenyewe. Nimesomea mashine za kilimo, ndiyo adhabu yangu. Ile baketi ya mbele ni bakuli la kubebea mchanga na samadi. Latifu alipakia gogo la mkorosho. Gogo ni mviringo na baketi haina cha kulishika, na alipoinua mikono ya mbele, gogo lilirudi nyuma likateremkia kwenye kiti. Ni hivyo? Wewe ulikuwepo.

Nataka baketi ing'olewe na mahali pake tufunge kifaa kingine, ama uma, ama reki. Nitachagua mimi. Niletee vipimo: matundu ya pini yameachana kiasi gani, pini yenyewe ni nene kiasi gani, na upana wa baketi.

Mpwa wako,
Rukaya

*

Mzenga, Kisarawe
2 Februari 2025

Rukaya mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Bi Mwanaamina kifua kimepungua, ulimi ndio haujapungua. Ameniona na kalamu akasema, "Mzee, leo unamwandikia nani barua ya mapenzi?" Nilipomwambia habari ya mwezi wa nane alikaa chini palepale penye mchanga akalia, halafu akasimama akaanza kutafuta kuku wa kukuwekea. Kuku huyo nimemwona. Akifika mwezi wa nane atakuwa mzee kuliko mimi.

Usicheke mwandiko. Toka wewe ulipomaliza chuo sijaandika barua.

Kuhusu kifaa, mimi naona reki. Shamba lina visiki vya mikorosho na vichaka, reki ina meno yaliyopinda, unasukuma tu, takataka zinakusanyika na udongo unapita katikati. Kisha nimepita kwenye yadi moja ya vyuma chakavu, wana uma za kubana. Baketi inabaki palepale, unayabana meno mawili kwenye mdomo wake kwa bolti, kazi imekwisha. Rahisi na haina ufundi.

Vipimo hivi hapa. Tepu sina, nimepima kwa kamba ya katani. Fundo la kwanza mpaka la pili ni tundu la kushoto mpaka la kulia. La pili mpaka la tatu ni tundu la chini mpaka la juu. Kutoka la tatu mpaka la mwisho ni upana wa baketi. Unene wa pini nimeufungia kitanzi mwishoni. Nimeikunja humu ndani ya barua.

Hilo la siku ile, hapana. Mwenye tumbo hasimuliwi mambo hayo. Kula, lala, usiinue ndoo.

Mjomba wako,
Mwishehe

*

Picha ya Ndege
11 Februari 2025

Shikamoo Mjomba. Msalimie Bi Mwanaamina, na huyo kuku.

Nimeanza kula. Asubuhi natapika, mchana nakula embe bichi na chumvi. Mama mkwe ananimenyea mwenyewe, anaweka sahani na kuondoka. Jana alisahau akaleta sahani mbili, kama zamani alipokuwa akituletea mimi na Latifu. Sote wawili tuliiangalia ile ya pili.

Kamba yako imechomwa.

Yeye ndiye aliyeipokea bahasha mlangoni, akaihisi kwa vidole, akaifungua.

"Hii nini?"

"Vipimo vya trekta, mama."

"Vipimo vina mafundo?"

"Mafundo ni alama tu. Mjomba hana tepu."

"Rukaya, kila siku ya maisha yangu namwomba Mungu anikinge na wachawi wanaopuliza mafundoni. Leo mafundo yanaingia nyumbani kwangu ndani ya bahasha, tena yana kitanzi, yanakwenda kwa mwenye mimba, na wewe unaniambia tepu?"

Akaitia kwenye jiko la mkaa na kuisomea mpaka ikawa majivu. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona anayatoa majivu nje kuyafukia, nikaacha. Tafadhali nunua tepu, Mjomba, uandike namba.

Sasa sikiliza, maana nimelifikiria hili kuliko nilivyofikiria mtihani wowote. Zile uma za kubana, usiziguse. Zinausogeza mzigo mbele zaidi, na kila unaposogea mbele trekta linazidi kuinamia pua, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Mdomo wa baketi nao utapinda. Na baada ya yote hayo, gogo bado halijashikwa na kitu. Ni kulipatia gogo meza ya kulalia tu.

Reki ni nzuri kwa ulichosema. Kwa vichaka na mizizi ningeichagua bila kubisha. Lakini reki nayo haishiki. Siku moja mtu atachoka, ataona gogo liko njiani, atalipakia kwenye reki, kama Latifu alivyolipakia kwenye baketi. Hakuwa mjinga. Alikuwa na kazi mbele yake na kifaa kisichofaa mkononi.

Nataka uma wa kufunga kwa pini, badala ya baketi, meno yakaribiane, na juu yake uwe na mdomo wa chuma unaofunga na kushika mzigo, kama mtu anavyokamata mkate kwa kidole gumba. Mchoro wake uko nyuma ya karatasi hii. Ukiuinamisha, meno hayohayo yatakusanya vichaka, si vizuri kama reki, lakini yatakusanya. Na nyuma ya trekta ning'iniza uzito, pipa la zege, usinyanyue kitu kabla halijawekwa.

Unasema mwenye tumbo hasimuliwi. Mwenye tumbo anasimuliwa na kichwa chake kila siku, Mjomba, na kichwa changu hakina huruma kama wewe.

Rukaya

*

Mzenga
27 Februari 2025

Mwanangu Rukaya,

Tunajiandaa na mwezi mtukufu. Bi Mwanaamina anakutumia unga wa muhogo, Mama Atupele anao. Mvua bado, mawingu yapo.

Nisamehe kwa kamba. Tangu nazaliwa tunapima kwa kamba: mlango kwa kamba, kaburi kwa kamba, hata shamba hili baba yangu alilipima kwa kamba. Sikuwaza. Mwombe radhi mama mkwe kwa niaba yangu. Tepu nimenunua, namba zimo nyuma ya karatasi hii, ila usijali, nimeshampa fundi Husseini wa kuchomelea na kazi imekwisha. Ametumia chuma cha daraja bovu. Ananiuliza, "Mzee, mchoro huu kakupa mhandisi gani?" Nikamwambia, "Yuko edani." Akarudi kuchomelea.

Jana tuliufunga. Pipa la zege liko nyuma. Nilipanda kwenye kile kiti mwenyewe. Nilikuwa sijakaa pale tangu siku ile, lakini nilisema kama sitapanda mimi nitampandisha mtoto wa nani? Nikachukua gogo dogo. Mdomo wa juu ukafunga. Nikaliinua usawa wa goti tu, nikaenda nalo mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Halikutikisika. Nilizima injini nikabaki nimekaa. Husseini alidhani limeharibika.

Ulichagua vizuri. Reki ingekuwa kosa langu.

Mwishehe

*

Picha ya Ndege
19 Machi 2025

Mjomba mpendwa, shikamoo, na Ramadhani njema.

Mimi sifungi, nesi amekataza na mama mkwe amekataza zaidi. Hapa jua ni kali. Seif anarudi jioni na tende, anakaa uani na kuuliza, "Mrithi anasemaje?" Mama yake anamwambia aache kumwita hivyo, lakini amecheka, nimemwona.

Mrithi ameanza kucheza. Mara ya kwanza nilidhani ni tumbo tu linanguruma. Nilikuwa nasoma barua yako, pale uliposema gogo halikutikisika, na yeye akatikisika. Niliisoma tena palepale ili nione kama atarudia. Hakurudia. Ana kiburi kama baba yake.

Sijawahi kukuambia ninachokifanya humu ndani kila siku. Nachora. Nachora uma ule kutoka mbele, kutoka ubavuni, ukiwa umefunga, ukiwa wazi. Nikimaliza namchora Latifu kwenye kiti, na gogo likiwa limeshikwa, na ananipungia mkono kwa sababu hakuna kilichotokea. Najua si akili nzuri. Lakini ni saa moja ya siku ambayo napumua.

Mwaka ujao nitamleta Mzenga. Nitamwambia baba yako alianza kusafisha hapa, babu yako akamalizia, na hiki ndicho kilichokosekana, nasi tukakiweka. Nataka niweze kumwambia jambo lenye mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo niambie, Mjomba. Latifu alisema kitu? Au hakuwahi?

Rukaya

*

Mzenga
2 Aprili 2025

Rukaya mwanangu, Iddi ilikuwa njema, tumekula pilau na tumekukumbuka.

Mvua zimeanza. Shamba lote liko wazi sasa, magogo yamepangwa upande wa njia kama watu waliopanga foleni. Nusu nimepanda muhogo. Upande wa kisima nimeuacha, Latifu alisema hapo mtajenga.

Unayouliza, nitakujibu ukishajifungua. Nakuahidi. Usinilazimishe kabla.

Bi Mwanaamina anauliza, tumbo limechongoka au limetanuka? Anasema yeye atajua ni wa kiume au wa kike.

Mwishehe

*

Picha ya Ndege
14 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Eda yangu imekwisha.

Rukaya

*

Picha ya Ndege
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mvua hazijawaharibia muhogo. Seif amehamishiwa zamu ya usiku. Nimerudishiwa simu lakini sijaiwasha, sina ninayetaka anipe pole.

Sijapata barua yako, na Mama Atupele anasema kila akija kwako unamwambia hujaandika. Labda mstari wangu ulikuwa mfupi mno. Sikuweza kuandika mrefu. Alikuwa wa kiume. Alikuja kabla ya wakati wake, kimya, na akina mama wa hapa walimwosha na kumvika, na Seif akambeba peke yake, katika mikono miwili, wala hakuhitaji jeneza. Mimi sikwenda. Nilikuwa mgonjwa, na wanawake hawaendi. Niliambiwa eda imekwisha, naweza kutoka nje, nikakaa kitandani nikiutazama mlango.

Andika, Mjomba. Hata kama ni habari za kuku.

Rukaya

*

Mzenga
3 Juni 2025

Rukaya mwanangu,

Barua yako ya mstari mmoja niliielewa kabla sijaikunja. Mwenye mimba anatoka edani akijifungua, na wewe ulikuwa ujifungue mwezi wa nane. Nilimpa Bi Mwanaamina aisome, akaingia ndani. Kuku yule hatukumla. Amemgawa.

Sikuandika kwa sababu niliona haya. Mama Atupele alinieleza yanayosemwa huko, kwamba mama mkwe wako anawaambia watu mtoto alifungwa na mafundo yangu. Mimi ni mtu wa kuswali, Rukaya. Sijawahi kumfunga hata jirani anayeniibia nazi. Lakini ukilala usiku mwingi na neno kama hilo unaanza kuhesabu mafundo. Nilifunga manne na kitanzi. Nilijiuliza, kwa nini sikukata vijiti?

Wiki iliyopita Seif alikuja kwa adabu, akavua viatu. Alisema baada ya Iddi ya kuchinja watalichukua trekta na kuliuza, kwa kuwa mtoto hayupo na warithi ni mama na ndugu pamoja na wewe. Sikubishana, sheria naijua. Ila nilimwambia uma hauendi. Trekta walinunue watu na baketi yake, kama lilivyokuwa. Uma si wa Latifu, haukuwepo siku alipokufa. Umeuchagua wewe, kwa ajili ya yule mdogo. Nitauchimbia ardhini kabla sijauona umefungwa kwenye trekta la mtu mwingine. Seif alisema nikuulize. Nimekuuliza, lakini jibu langu nimeshalitoa.

Sasa lile jingine. Nilisema mwenye tumbo hasimuliwi. Tumbo halipo, na mimi sina tena pa kujifichia.

Ilikuwa kama ulivyoipanga. Mimi nilikuwa kwenye kona ya chini nafyeka. Nilisikia injini inabadilika sauti, nikainua kichwa, gogo lilikuwa tayari limeteremka. Nilipofika alikuwa hai. Gogo lilikuwa kifuani. Niliita watu, nikalisukuma kwa mabega. Alinitazama akasema, "Mjomba, zima injini, mafuta yanaisha." Nikazima. Niliporudi kumtazama, alikuwa amekwenda.

Ndiyo maneno yake. Nimetafuta mengine ya kukupa, mazuri zaidi, yenye jina lako. Hayakuwepo. Ndiyo maana nilinyamaza, si kwa sababu ya tumbo lako peke yake.

Mjomba wako,
Mwishehe

*

Picha ya Ndege
12 Juni 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nje, chini ya jua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa nje.

Maneno yake nimeyapokea. Ni yake kweli. Ungeniletea mengine yenye jina langu nisingeyaamini, maana Latifu hakuwa mtu wa kusema hivyo mchana, mbele ya mjomba. Nilicheka, Mjomba. Halafu sikuweza kuacha, mpaka mama mkwe akatoka kuniangalia. Nikampa barua aisome. Aliisoma yote, pamoja na mahali pa mafundo.

Akaniuliza, "Aliandika hivi yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Anahesabu mafundo?"

"Anahesabu."

Aliikunja, akaiweka mapajani. Hakusema amekosea, na sikumtaka aseme. Nakuomba usimchukie. Mimi nilipofiwa nilikuwa na baketi ya kulaumu. Nilijua chuma kipi kimekosekana, nikakichora, ukakitengeneza, na kazi hiyo ilinishika nisianguke. Yeye alifiwa na mtoto, kisha mjukuu, na hakuwa na kitu mkononi isipokuwa kamba. Kamba yako haikumfunga mtu. Nesi alisema mara nyingine inatokea tu, na ndilo jambo gumu kuliko yote niliyosoma, kwamba mara nyingine hakuna kilichokosekana. Hakuna pini, hakuna uzito wa kuweka nyuma. Nimelitafuta kosa katika mwili wangu kama nilivyolitafuta katika mashine na sikulipata.

Kuhusu uma. Nilipoisoma kauli yako nilifurahi, nakuambia ukweli. Nililala siku mbili nikiuona umefukiwa karibu na kisima, wetu, hakuna atakayeugusa. Siku ya tatu nilimwona mtu atakayelinunua lile trekta. Simjui, lakini nilimwona. Ana shamba lenye mikorosho ya zamani. Ana baketi. Ana gogo njiani na jua linazama.

Mjomba, uma uende nalo.

Usiuuze kwa Seif, mpe. Baketi ibaki kwako, ibebee samadi, au iache iote kutu. Siku watakapokuja, muombe mnunuzi akae kwenye kiti, wewe usimame ubavuni. Mwonyeshe pipa la zege, na umwambie halitolewi hata kama linamkera kwenye kona. Mwonyeshe kwamba mdomo wa juu unafungwa kwanza, ndipo mikono inainuliwa, na mzigo unasafiri usawa wa goti, hata njia ikiwa nzuri, hata akiwa na haraka. Mpe gogo kubwa, si dogo. Akikosea, mrudishe mwanzo. Akikuuliza kwa nini unamshika mkono namna hiyo, usimweleze. Mfundishe tu tena, mpaka afanye bila wewe kusema.

Mpwa wako,
Rukaya